Kosa Litaonekana Lini? Bomba la Kujitengenezea na Bomba la Kumwitia Fundi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, wajumbe, wenye nyumba, wapangaji, na mafundi wenzetu mliobanana kule mlangoni. Wazee wetu, shikamooni.

Mmetuuliza swali moja: bomba likiharibika nyumbani, mtu ajitengenezee au amwite fundi? Wengi hulijibu kwa kuangalia ugumu wa kazi, au kwa kuangalia mfuko. Sisi tunaangalia kitu kingine. Tunauliza: nikikosea hapa, kosa langu litaonekana lini? Ukibadilisha vibaya washa ya koki, kile kipira cha ndani kinachozuia maji, utajua ndani ya dakika moja, maji yanadondoka mbele ya macho yako, unafunga, unarudia. Ukiunga vibaya ndani ya ukuta bomba la PPR, lile la plastiki linaloungwa kwa joto, utajua baada ya miezi, rangi ikianza kubanduka chumba cha pili. Ukilaza bomba la choo bila mteremko, utajua mwaka wa pili, na hapo juu yake kuna sakafu na tailizi. Kazi inayoonyesha kosa mara moja ni yako. Inayoficha kosa mpe fundi, na umsimamie. Halafu kuna kundi la tatu, dogo, ambalo kosa lake halisubiri kuonekana kwa sababu linaua. Tutalifikia.

Kabla ya yote, nenda kaitafute valvu inayofunga maji ya nyumba nzima. Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina njia mbili: maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, yanayoingia kutoka mtaani, na maji yanayoshuka kutoka kwenye tangi. Ukifunga moja, nyingine inaendelea kumwaga, na hapo ndipo watu huanza kupiga simu usiku wa manane. Jua zote mbili, na mtoto mkubwa wa nyumbani azijue. Geti valvu, ile ya kuzungusha mara nyingi, isipoguswa miaka inakamata. Ikizungushwa kwa nguvu shingo inavunjika. Izungushe mara mbili kwa mwaka, fungua na funga. Siku ukiibadilisha, weka boli valvu, ile ya mkono inayogeuka robo mzunguko tu. Ukiitazama unajua imefungwa au imefunguliwa. Ambaye hawezi kufunga maji ya nyumba yake asifungue hata skrubu moja ya bomba, hata kama kazi yenyewe ni ya mtoto.

Sasa koki inayodondoka. Tone moja ni kama robo mililita. Likidondoka kila sekunde, kwa siku ni zaidi ya lita 21, yaani ndoo nzima na kidogo, na kwa mwezi karibu lita 650. Tazama kwanza maji yanatokea wapi. Yakitoka mdomoni koki ikiwa imefungwa, tatizo ni washa au kitako chake. Yakitoka shingoni, chini ya mkono wa koki, na hasa koki ikiwa wazi, tatizo ni mpira wa shingo. Watu hununua koki mpya kwa ajili ya kipira cha duara kidogo kuliko pete.

Funga maji, fungua koki imalize yaliyobaki, ziba tundu la sinki kwa kitambaa ili skrubu isitumbukie. Bandua kifuniko chekundu au cha bluu, toa skrubu, vuta mkono. Chini yake kuna kichwa cha koki chenye pande sita. Kifungue kwa spana ya kujirekebisha, ile ambayo mafundi wana jina lake lisilofaa kutamkwa mbele ya wazee. Na hapa ndipo kazi nyepesi hugeuka kuwa nzito: mkono wako wa pili lazima ushike mwili wa koki, au uushike kwa spana nyingine iliyozungushiwa kitambaa. Usipoushika, koki nzima inazunguka na kuisokota kona iliyo ndani ya ukuta. Nje patakauka, unafurahi, huku ndani umefungua mvujo ambao hutauona. Kazi ya dakika moja imehamia kundi la miezi.

Washa ikishatoka, ingiza kidole na papasa kitako ambacho washa hukalia. Kikiwa laini, weka washa mpya ya nusu inchi, rudisha. Kikiwa na mashimo au mkwaruzo, washa mpya itakatika wiki chache tu, badilisha koki. Koki za robo mzunguko hazina washa, zina katriji yenye sahani mbili za kauri. Hiyo haitengenezwi, hubadilishwa, na saizi zinafanana kwa macho bila kuingiliana: meno ya juu yanaweza kuwa 20 au 24. Usiende dukani na maelezo ya mdomo. Nenda na kile kibovu mkononi.

Ukibadilisha koki nzima, tredi tepu nyembamba ya kawaida, ule utepe mweupe wa kuzuia mvujo, izungushwe mara 10 hadi 12 kwenye nyuzi za nusu inchi, ukifuata mshale wa saa huku ncha ya nyuzi ikikutazama. Ukizungusha kinyume, tepu inajikunja na kutoka wakati wa kufunga. Kaza kwa mkono mpaka igome, kisha spana mzunguko mmoja, usizidi mmoja na nusu. Kukaza sana hakuzuii mvujo. Kunapasua kiungo cha kike, kile chenye nyuzi kwa ndani, na ufa wake utaonekana presha ya usiku ikipanda. Ukiona koki lazima irudishwe nyuma ili mdomo uangalie chini, itoe, anza upya na tepu nyingine, kwani tepu iliyorudishwa nyuma imeshakatika. Wazee wa kazi hii walitumia katani na rangi kwenye mabomba ya chuma, na bado inashika vizuri. Kwenye nyuzi za shaba zilizozamishwa katika plastiki katani ikijazwa mno inapasua kiungo, kwa hiyo huko baki na tepu.

Koki ya shaba ni nzito mkononi. Ile nyepesi inayong'aa mara nyingi ni aloi ya zinki, na shingo yake hukatikia ukutani ukiwa unaikaza, nyuzi zinabaki ndani. Hapo simama, usichokonoe kwa bisibisi. Fundi ana kifaa cha kuzitoa bila kuharibu kona.

Twende chooni, ambako maji mengi zaidi hupotea bila sauti. Tangi la kuflashi likipitisha glasi moja tu kwa dakika, yaani robo lita, kwa siku ni lita 360, na kwa mwezi karibu uniti 11 kwenye bili, uniti moja ikiwa lita 1,000. Tia rangi ya chakula ndani ya tangi, usiflashi nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mara nyingi mpira wa chini haukai sawa: ni uchafu, chumvi iliyoganda, au mpira umekakamaa. Funga engo valvu ya pembeni, ile koki ndogo inayoleta maji tangini, toa maji, sugua kitako kwa kitambaa, badilisha mpira. Ukisikia maji yanaingia bila kukoma, tazama pia bomba la kufurikia lililosimama katikati. Maji yakimwagikia ndani yake, floti, lile boya linalofunga maji tangi likijaa, imepanda mno. Ishushe mpaka maji yasimame kama sentimita mbili na nusu chini ya mdomo wa bomba hilo. Na kama maji yamerudi baada ya mgao na tangi halijai au halifungi, usinunue floti mpya bado. Mchanga umeingia kwenye kichujio kidogo cha valvu ya floti. Kifungue, kioshe, kirudishe.

Ule mpira wa kuunganishia, fleksibo, kutoka engo valvu hadi tangini au kwenye koki ya beseni, una washa ya mpira ndani ya nati yake, na washa hiyo ndiyo inayozuia maji. Tredi tepu pale haina kazi. Inazifanya nyuzi ziwe nene na mpira usifike mahali pake. Kaza kwa mkono, ongeza robo mzunguko. Waya wa nje ukianza kutu, badilisha kabla haujapasuka, kwa sababu fleksibo hupasuka yote kwa mpigo, haivuji taratibu.

Sinki lililoziba ni lako pia. Weka beseni chini, fungua kwa mkono ile chupa ya chini ya sinki, mwaga mafuta na mabaki, osha, rudisha na mpira wake ukiwa umenyooka. Kama chupa ni safi, tumia pampu ya mpira yenye mpini, ukiwa umeziba tundu la kufurikia kwa kitambaa kilicholowa. Bila hivyo unasukuma hewa tu. Kuhusu kostiki soda: ni kali, hutoa joto, inaunguza ngozi na macho, na haipatani na alumini. Ukiimwaga na bomba likabaki limeziba, mwambie fundi kabla hajaingiza mkono. Na kamwe usichanganye Jik na dawa ya tindikali ya chooni. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini ndani ya choo kidogo chenye dirisha moja.

Harufu mbaya katika bafu lisilotumika mara nyingi si mzibo wala ufa. Maji ya kwenye mtego wa sakafu yamekauka, hewa ya shimo inapita. Mwaga lita moja ya maji. Hiyo nayo watu wametulipa kuifanya, na tumepokea.

Hapo ndipo tunapoanza kuwaambia: mwite fundi.

Chochote kinachoingia ukutani au chini ya sakafu. PPR inaonekana rahisi: unachoma, unasukuma, imeshika. Kushika si kuungana. Mashine iwe na nyuzi joto 260. Bomba la milimita 20, ambalo dukani ni la nusu inchi, huchomwa sekunde 5 na kuzamishwa karibu milimita 14. La 25, sekunde 7. La 32, sekunde 8. Ukishalitoa kwenye mashine una sekunde nne hivi za kuliingiza kwenye kiungo, moja kwa moja bila kulizungusha, na baada ya hapo unalishika lisitikisike mpaka lipoe. Likichomwa kidogo, linashika juu juu tu. Likichomwa mno au kusukumwa kupita alama, plastiki inajikunja ndani na kuziba tundu nusu. Maji yatapita, lakini bafuni hayatakuwa na nguvu kamwe, na utalaumu tangi. Likiwa na maji hata tone, maji yanageuka mvuke na kuacha vijishimo ndani ya kiungo. Ndiyo maana fundi mzuri, kabla ya kurekebisha bomba la zamani, hufungua koki ya chini kabisa ya nyumba na kusubiri, wakati wewe unaona anapoteza muda.

Maji taka ni hivyo hivyo, isipokuwa kosa lake hukaa zaidi. Bomba la inchi nne kutoka chooni linataka mteremko wa kama sentimita mbili na nusu kwa kila mita: mita 10, sentimita 25. Hupatikana kwa pima maji na uzi, si kwa jicho. Likiwa tambarare, kigumu kinabaki njiani na kila kinachofuata kinakutana nacho. Kona moja ya nyuzi 90 chini ya ardhi ni mahali pa mzibo wa kesho. Ziwe mbili za 45, na chemba, kile kishimo chenye mfuniko cha kukagulia bomba, kila bomba linapogeuka. Maji ya mvua yasiingizwe humo hata kidogo, kwa sababu mvua moja ya masika inalijaza shimo kwa siku moja.

Choo kikirudisha maji, unaweza kupunguza gharama kwa kufunua chemba kabla ya kupiga simu. Chemba ikiwa imejaa, mzibo uko mbele yake, kuelekea shimoni, au shimo lenyewe limejaa na unahitaji gari la maji taka, si fundi. Chemba ikiwa kavu huku choo kimejaa, mzibo uko kati ya choo na chemba. Taarifa hiyo moja inamwelekeza fundi mahali pa kuanzia.

Mita pamoja na bomba lililo upande wake wa mtaani si vyako wala vya fundi wako. Ni vya mamlaka ya maji, na kuvichezea ni kosa la kisheria. Ukiona mvujo huko, toa taarifa, hasa wakati wa mgao: bomba likiwa tupu, mahali palipokuwa panatoa maji hugeuka na kuvuta maji machafu ya mtaroni. Kwa upande wako, mita hiyo ni kipimo cha bure. Subiri tangi lijae, funga koki zote, soma tarakimu zote na za lita, lala, soma asubuhi kabla ya mtu kunawa. Zikiwa zimesogea, kuna mvujo. Kisha funga valvu ya kuingilia nyumbani na urudie. Zikiendelea, mvujo uko ardhini kati ya mita na nyumba. Zikisimama, uko ndani ya nyumba.

Wapangaji, hasa wa ghorofani: kipimo chetu kinabadilika kidogo kwenu, kwa sababu kosa lako linaweza kuonekana kwanza kwenye dari ya jirani. Koki na mpira wa tangi, endelea. Zaidi ya hapo mwandikie mwenye nyumba, hata kwa ujumbe wa simu, upate jibu kabla ya spana.

Kundi la tatu ni fupi kulieleza.

Shimo la choo na tangi la maji taka: usishuke, usiinamishe kichwa ndani, hata kwa dakika moja, hata kama limenyonywa. Gesi ya salfidi ya hidrojeni ikiwa nyingi huua pua kwanza, usisikie harufu tena, ukadhani hewa ni safi. Mwenzako akianguka ndani usimfuate; mara nyingi anayefuata kuokoa ndiye wa pili kufa. Piga kelele, ita zimamoto kwa 114.

Hita ya bafuni ya papo kwa papo, ya kilowati 5.5, huvuta karibu ampea 24. Inahitaji laini yake yenyewe, breka yake, waya mnene na ethi ya kweli, yaani waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Waya wa soketi ya kawaida utaiva ndani ya ukuta. Visima vingi vya pwani ya jiji hili vina maji ya chumvi, na chumvi hupitisha umeme vizuri. Hita yenye koili iliyo wazi ndani ya maji hayo ni hatari hata ikiwa mpya. Zipo zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi, koili yake imefunikwa. Ukihisi hata msisimko mdogo ukigusa koki, zima kwenye breka kuu na mwite fundi umeme. Fundi bomba akikwambia "hiyo naimudu" muulize ethi iko wapi. Kama jibu ni bomba la maji, mshukuru na umsindikize.

Na mara nyingi hita "mbovu" si mbovu. Mita 10 za kimo cha tangi hutoa presha ya bar 1. Tangi lililo mita moja tu juu ya kichwa cha bafu linatoa moja ya kumi ya bar, na hita nyingi haziwaki hapo. Dawa ni kuinua tangi au kuweka pampu. Kumbuka tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja, na mnara wake ni kazi ya fundi ujenzi, si matofali yaliyobaki.

Hita ya tangi ina valvu ndogo ya usalama inayodondosha maji inapopasha. Maji yakipashwa hutanuka. Hita ya lita 50 huongeza karibu lita moja. Kudondosha huko ndiyo kazi yake. Anayeiziba ili sakafu isilowe amegeuza hita kuwa bomu.

Sasa, fundi mwenyewe. Cheti cha ufundi bomba cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ni mwanzo mzuri, ingawa wapo waliojifunza kwa kushika spana ya mwalimu wao na wako sawa. Mpime kwa maswali. Bomba la maji moto utaleta la PN ngapi, yaani la daraja gani la presha? Jibu zuri ni PN 20, na liwe limeandikwa kwenye bomba lenyewe. Utapimaje kabla ya lipu? Ajibu kwamba atajaza maji, atatoa hewa, atapandisha presha kwa pampu ya mkono hadi mara moja na nusu ya ile ya kazi, na kuiacha saa nzima. PPR hutanuka mwanzoni, kwa hiyo sindano ikishuka kidogo ataipandisha tena, ndipo aanze kuhesabu. Fundi anayesema "nitafungua koki tuone" hajapima.

Tenganisha bei ya ufundi na ya vifaa, nunua vifaa mwenyewe au udai risiti, na ubakize sehemu ya malipo mpaka kipimo kipite. Mwambie akukabidhi kila kifaa alichotoa. Kabla lipu haijapigwa, piga picha kila ukuta ukiwa na futi ya kupimia imenyooshwa ndani ya picha. Siku utakayotaka kutundika kabati au televisheni, picha hiyo itakuonyesha pasipotobolewa.

Nyumbani weka spana ya inchi 10, bisibisi mbili, tredi tepu mbili, washa za nusu inchi, fleksibo moja, na plagi mbili za nusu inchi. Plagi ndiyo watu husahau, na ndiyo ya bei ndogo kuliko vyote: koki ikivunjika Jumapili usiku na nyuzi za ukutani zikiwa nzima, unafunga plagi, nyumba nzima inapata maji mpaka duka lifunguliwe.

Mheshimiwa Mwenyekiti, meza ya mbele tumeweka koki nne, tangi moja la choo lililokatwa ubavuni, na viungo vya PPR vilivyopasuliwa katikati, vizuri na vibaya, mvione kwa ndani. Anayetaka kufungua koki kwa mkono wake aje sasa, maswali tutayajibu hapo hapo mezani.